Sauti iliyopotea katika michezo ya zamani ya kompyuta

Na Mwandishi Wetu

KATIKA nyumba nyingi za Kitale, Kiminini na Bungoma, kompyuta ya familia haikuingia ikiwa mpya. Ilikuja ikiwa mtumba, baada ya kutumika kwa miaka kadhaa katika ofisi fulani ng'ambo, na ikauzwa kwa bei ambayo mzazi aliweza kuimudu. Mashine ya aina hiyo hufanya kazi nyingi za maana. Mwanafunzi huandikia ripoti zake, mama huwekea hesabu za duka, na mjomba akija kutoka Saboti huangalizia bei ya mahindi.

Lakini michezo mipya ya kompyuta haiingii humo. Ndiyo maana vijana wengi, nyumbani na hata katika saiba za mjini, wangali wanacheza michezo iliyotoka miaka 20 au 25 iliyopita: Half-Life, Unreal Tournament 2004, F.E.A.R., Thief na Grand Theft Auto: Vice City.

Jambo wasilolijua wengi wao ni kwamba michezo hiyo ilitengenezwa ikiwa na sauti bora kuliko ile wanayoisikia leo. Mchezaji wa mwaka 1999 aliyekuwa na kadi nzuri ya sauti na hedifoni za kawaida aliweza kufumba macho na kueleza kama adui yuko mbele, nyuma, juu ghorofani au katika chumba cha pili. Kijana anayecheza mchezo ule ule leo, kwenye kompyuta yenye nguvu mara nyingi zaidi, husikia kushoto na kulia tu. Mbele na nyuma vimegeuka kuwa kitu kimoja.

Matokeo yake mara nyingi huwa mawili. Kwanza, kijana huongeza sauti akidhani kwamba kelele itamsaidia kujua adui anatokea wapi. Pili, huanza kumsumbua mzazi amnunulie hedifoni zilizoandikwa "7.1", ambazo hugharimu maelfu ya shilingi. Yote mawili hayana haja. Sauti ile haikupotea kabisa. Imo ndani ya mchezo, imefungiwa mlango tu, na ufunguo wake hautozwi hata senti.

Masikio mawili, pande zote

Huenda msomaji akauliza: mtu mwenye hedifoni mbili tu, moja kwa kila sikio, atasikiaje sauti ya nyuma au ya juu? Jibu ni swali jingine: wewe mwenye masikio mawili tu, unasikiaje?

Wachungaji wa miteremko ya Mlima Elgon wanalijua jambo hili vizuri. Ukungu unaposhuka, ng'ombe hawaonekani hata wakiwa hatua chache tu. Lakini kengele ya shingoni ikilia, mchungaji hujua mara moja mnyama amekwenda upande gani, na hakosei kuelekea huko. Hana chombo chochote isipokuwa masikio yake na ubongo wake.

Ubongo hutumia dalili tatu. Ya kwanza ni wakati. Sauti husafiri hewani kwa kasi ya mita 343 hivi kwa sekunde. Kengele ikilia upande wa kulia, sikio la kulia hulisikia wimbi kwanza, na la kushoto hulisikia baadaye kidogo. Tofauti hiyo haizidi sehemu 7 za elfu 10 za sekunde, lakini ubongo huigundua. Kwa kweli, mtu mwenye masikio mazima huweza kutambua tofauti ndogo mno inayokaribia sehemu 10 za milioni moja ya sekunde.

Dalili ya pili ni nguvu. Kichwa chenyewe huziba njia, hasa kwa sauti nyembamba, kwa hivyo sikio lililo mbali hupata sauti iliyofifia. Mwanasayansi wa Uingereza, Lord Rayleigh, alieleza mambo haya mawili kwa pamoja mwaka 1907.

Dalili ya tatu ndiyo yenye siri. Sauti inayotoka mbele kabisa na ile inayotoka nyuma kabisa hufika kwenye masikio yote mawili kwa wakati mmoja na kwa nguvu sawa. Kinachozitofautisha ni umbo la sikio la nje, ile mikunjo na vibonde tunavyovidharau. Mikunjo hiyo huipokea sauti ya mbele kwa namna moja, ya nyuma kwa namna nyingine, na ya juu kwa namna yake. Ubongo umejifunza tofauti hizo tangu utotoni, hata hatujui kwamba tunazitumia.

Wanafunzi wanaweza kujaribu jambo hili nyumbani. Mwenzako akae kwenye kiti, umfunge macho kwa kitambaa, kisha utikise funguo mbele yake, nyuma yake na juu ya kichwa chake, ukimwomba aonyeshe kwa kidole bila kugeuza kichwa. Mara nyingi atapatia. Sasa mwambie akunje masikio yake ya nje kwa vidole, bila kuziba tundu, na urudie. Upande wa kushoto na kulia bado ataujua, lakini mbele na nyuma vitaanza kumchanganya. Hali hiyo ya pili ndiyo aliyo nayo kijana anayecheza mchezo wa zamani leo.

Kutoka maabara hadi sebuleni

Wataalamu walipoelewa dalili hizo, walijiuliza: je, kompyuta haiwezi kuziigiza? Ikiwa tunajua sikio huibadilisha vipi sauti itokayo nyuma, basi tuibadilishe sauti hiyo kabla ya kuitia kwenye hedifoni, na ubongo utaamini imetoka nyuma.

Mwishoni mwa miaka ya 1980, shirika la safari za anga la Marekani, NASA, lilipata mashine iliyoitwa Convolvotron, ambayo ilifanya kazi hiyo hasa. Ilitengenezwa na kampuni ndogo ya Crystal River Engineering. Kisha mwaka 1994, watafiti wa chuo cha MIT huko Marekani walichukua sanamu ya kichwa na kifua cha mtu, inayoitwa KEMAR, wakaitia maikrofoni masikioni, na wakapima jinsi sauti inavyoyafikia masikio hayo kutoka mamia ya pembe mbalimbali. Vipimo hivyo walivitoa bure kwa ulimwengu mzima. Vipimo vya aina hiyo huitwa kwa kifupi HRTF, na herufi hizo nne utakutana nazo tena hapa chini.

Wakati huo huo, kompyuta za nyumbani zilikuwa zimeanza kupata sauti ya maana. Kampuni ya Creative ya Singapore, iliyoanzishwa na Sim Wong Hoo mwaka 1981, ilitoa kadi ya Sound Blaster mwaka 1989, nayo ikaenea kote. Mwishoni mwa miaka ya 1990 kampuni mbili zilishindana vikali. Aureal, iliyokuwa imeinunua Crystal River, ilileta ufundi ulioitwa A3D, ambao uliigiza masikio kama mashine ile ya NASA. Creative nayo ikaleta EAX mwaka 1998, pamoja na kadi yake ya Sound Blaster Live!

Ili kuelewa EAX ilifanya nini, mtu na afikirie mapango ya Mlima Elgon. Pango la Kitum limeingia ndani ya mlima kwa karibu mita 200, na ndovu huingia humo usiku kuchimba chumvi wakipapasa njia kwa mkonga gizani. Mle ndani wamo pia popo wa matunda ambao hubofya kwa ulimi na kusikiliza mwangwi ili wasigonge ukuta. Ukipiga makofi ndani ya pango, sauti hurudi ikiwa nzito na ndefu. Ukipiga makofi hayo hayo katikati ya shamba la mahindi Saboti, hayarudi. Sikio likisikia tofauti hiyo, linajua liko mahali pa aina gani hata macho yakifumbwa.

EAX iliupa mchezo uwezo huo. Ilikuja na orodha ya mahali 26 tofauti, kila pahali pakiwa na mwangwi wake: pango, bafu, ukumbi, uchochoro, msitu, milima, uwanda na hata chini ya maji. Mtengenezaji wa mchezo aliiambia kadi ya sauti, "Sasa mchezaji ameingia pangoni," na kadi ikafanya mengine.

Thief, uliotoka mwaka 1998, ulijengwa karibu wote juu ya kusikiliza. Mchezaji ni mwizi anayenyatia gizani, na hatua za mlinzi juu ya mawe, mbao au zulia ndizo zinazomwokoa. Mchezo kama huo ukiunyima sauti ya pande zote, umeung'oa meno.

Mlango wafungwa mwaka 2007

Mashindano yale hayakudumu. Creative na Aureal zilishtakiana mahakamani. Aureal ilishinda kesi, lakini gharama ziliielemea, ikafilisika, na mwaka 2000 mali yake ikanunuliwa na mpinzani wake yule yule. A3D ikaishia hapo.

Pigo kubwa zaidi lilikuja Januari 2007, Microsoft ilipoanza kuuza Windows Vista kwa umma. Katika Windows za kabla yake, mchezo uliweza kuzungumza moja kwa moja na kadi ya sauti kupitia njia iliyoitwa DirectSound3D. Vista iliijenga upya sehemu yote ya sauti. Sababu mojawapo ilikuwa kwamba programu mbovu za kadi za sauti zilikuwa zikiiangusha kompyuta nzima. Katika ujenzi huo mpya, njia ile ya kufika kwenye kadi iliondolewa, na haikurudishwa katika Windows 7, 8, 10 wala 11.

Tangu hapo, mchezo wa zamani unapouliza, "Je, hapa pana kadi inayojua pande zote?" Windows hujibu kwamba hapana. Mchezo husalimu amri na kutoa sauti ya kushoto na kulia. Hakuna onyo linaloonekana kwenye kioo. Mara nyingi kile kitufe cha kuwasha EAX hufifia tu kisibonyezeke, na mchezaji aliyezaliwa baada ya mwaka 2007 hudhani ndivyo kilivyokuwa siku zote.

Kompyuta nyingi za mitumba hazina hata hiyo kadi ya sauti ya pekee. Zina kijisehemu kidogo tu juu ya ubao mkuu, kinachotosha kwa muziki na mazungumzo. Lakini hapo ndipo penye habari njema. Kazi iliyohitaji kadi maalumu mwaka 1998 sasa hufanywa na ubongo mkuu wa kompyuta bila taabu yoyote, hata kama kompyuta yenyewe ina umri wa miaka kumi.

Dawa yenyewe

Programu mbili za bure ndizo zinazofungua mlango. Ya kwanza ni OpenAL Soft, ambayo hutengeneza sauti ya pande zote kwa hedifoni kwa kutumia vile vipimo vya HRTF. Ya pili ni DSOAL, ambayo ni mkalimani. Mchezo ukiongea lugha ya zamani ya DirectSound3D, DSOAL huitafsiri na kuipelekea OpenAL Soft. Zote mbili zinaongozwa na mtaalamu wa programu Chris Robinson, na zinaweza kutumiwa na yeyote bila malipo.

Kabla ya kuanza, jua mchezo wako ni wa kundi gani.

Kundi la kwanza ni michezo inayotumia OpenAL yenyewe, kama Unreal Tournament 2004. Fungua folda ya mchezo na utafute faili iitwayo OpenAL32.dll. Ukiipata, iandikie jina jingine ili uihifadhi, kisha uweke mahali pake faili ya OpenAL Soft iitwayo soft_oal.dll, ukiwa umeibadilisha jina iitwe OpenAL32.dll. Michezo mingi ya zamani ni ya biti 32, kwa hivyo chukua faili kutoka folda ya Win32, hata kama Windows yako ni ya biti 64.

Kundi la pili ni michezo ya DirectSound3D, kama vile Thief na F.E.A.R. wa mwaka 2005. Hapa weka faili ya DSOAL iitwayo dsound.dll katika folda ile ile yenye faili ya kuanzishia mchezo. Kando yake weka soft_oal.dll, lakini uipe jina dsoal-aldrv.dll. Hizo mbili hufanya kazi pamoja, na ukisahau mojawapo hutasikia badiliko.

Kwa makundi yote mawili, andika faili ndogo ya maandishi iitwayo alsoft.ini na uiweke hapo hapo. Mstari wake wa kwanza uwe [general], na wa pili uwe stereo-encoding = hrtf. Mstari huo ndio unaoiambia programu kwamba anayesikiliza amevaa hedifoni.

Kisha ingia ndani ya mchezo wenyewe, kwenye ukurasa wa sauti, na uwashe EAX au sauti ya kadi. Katika Vice City, kwa mfano, kuna orodha ya vifaa vya sauti ambayo mchezaji huchagua. Kitufe kilichokuwa kimefifia kikianza kubonyezeka, jua mkalimani ameingia kazini.

Sasa jaribu. Msimamishe mchezaji wako karibu na kitu kinachotoa sauti bila kukoma, kama moto, maji au injini. Fumba macho na uzungushe maausi polepole. Sauti inapaswa kukuzunguka kichwani: kulia, nyuma, kushoto, mbele. Ikiruka tu kutoka sikio moja hadi jingine, kuna faili uliyoikosea jina au mahali.

Mambo ya kuepuka

Kosa la kawaida zaidi ni kuchanganya dawa mbili. Windows 10 na 11 zina kitu kiitwacho Windows Sonic, kilicholetwa mwaka 2017, ambacho pia huigiza sauti ya pande zote kwa hedifoni. Nacho ni bure, na kinafaa kwa mchezo ambao wenyewe hutoa sauti ya spika sita au nane. Lakini ukikiwasha pamoja na OpenAL Soft, sauti itapitishwa kwenye "masikio ya bandia" mara mbili, na itasikika kama mtu anayeongea ndani ya debe. Chagua kimoja, zima kingine. Zima pia vikorombwezo vya kuongeza besi na mwangwi vinavyokuja na kadi yako.

Kosa la pili ni kuchukua faili popote. Faili za aina ya dll ndizo wanazopenda kuvaa waeneza virusi, na flashi inayozungushwa kutoka saiba moja hadi nyingine huweza kuiangamiza kompyuta ya familia nzima. Chukua programu kwa mwenyewe aliyeitengeneza, si kwenye ukurasa unaokuahidi faili moja moja.

La tatu ni kwa wale wanaocheza na watu wa mbali kwa intaneti. Baadhi ya michezo ina walinzi wanaokagua faili zilizobadilishwa, na mchezaji anaweza kufungiwa nje akidhaniwa ni mdanganyifu. Fanya mambo haya katika mchezo wa mtu mmoja, au wa marafiki mliounganisha kompyuta zenu chumbani.

Ni vyema pia kujua pale ambapo dawa hii haifiki. Half-Life na Counter-Strike za miaka ile zilikuwa na A3D na EAX, lakini katika matoleo yaliyosambazwa baadaye watengenezaji waliondoa ufundi huo ndani ya mchezo wenyewe. Hapo mkalimani hana cha kutafsiri. Wapo pia watu ambao masikio yao hayakubaliani na vipimo vya ile sanamu. Umbo la sikio hutofautiana baina ya mtu na mtu, na kutumia vipimo vya mwingine ni kama kuvaa kiatu cha mwenzako: wengi kitawatosha, wachache kitawabana. Mtu wa namna hiyo husikia sauti ya mbele ikitokea juu au nyuma. Mara nyingi ubongo huzoea baada ya siku kadhaa za kusikiliza, na ukikataa, OpenAL Soft inakubali kuwekewa vipimo vya vichwa vingine.

Na ikiwa mtoto husikia kwa sikio moja tu, sauti ya pande zote itamnyima mambo badala ya kumwongezea. Kwake yeye, Windows 10 na 11 zina kitufe katika sehemu ya urahisi wa matumizi kinachounganisha kushoto na kulia kuwa sauti moja. Mwashie hicho, naye hatakosa hata neno.

Pesa za mzazi

Tukirudi kwenye zile hedifoni za "7.1", namba hizo zina maana ya spika nane zilizopangwa chumbani. Kumbe nyingi ya hedifoni zinazouzwa kwa jina hilo zina spika mbili tu ndani yake, moja kwa kila sikio, kama zile za bei ya chini. Kinachoitwa 7.1 ni programu inayokuja nazo, ambayo huigiza spika nane kwa njia inayofanana na hiyo tuliyoieleza.

Isitoshe, zinauzwa kwa mchezaji asiyejua kwamba mchezo wake wa zamani umefungiwa mlango. Programu ya hedifoni haiwezi kuigiza spika nane ikiwa mchezo umeipelekea sauti ya pande mbili peke yake. Mzazi atakuwa amelipa, na kijana ataendelea kusikia kushoto na kulia.

Ikiwa ni lazima ununue hedifoni, tazama mambo ya kawaida. Ziwe zinafunika sikio vizuri bila kubana, pande zote mbili zitoe sauti sawa, waya wake uwe imara, na alama za kushoto na kulia zionekane. Hilo la mwisho si dogo. Ukizivaa kinyume, adui wa kulia atasikika kushoto, na ufundi wote huu utakuwa kazi bure.

Masikio hayana mtumba

Jambo moja linapita yote hayo kwa uzito. Ndani kabisa ya sikio kuna chembe zenye vinyweleo vidogo ambazo huigeuza sauti kuwa ujumbe wa ubongo. Kelele huziua, na zikishakufa hazioti tena. Kompyuta ikiharibika utapata mtumba nyingine sokoni. Sikio halina mtumba.

Mwaka 2019, Shirika la Afya Duniani, WHO, pamoja na shirika la mawasiliano la Umoja wa Mataifa, ITU, yalitoa kiwango cha usalama kwa vifaa vya kusikilizia. Mtu mzima asizidishe desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Kwa mtoto, ni desibeli 75 kwa muda huo huo. Kila sauti inapopanda desibeli 3, muda wa usalama hupungua nusu. Kwa hivyo desibeli 83 ni saa 20 kwa wiki, na desibeli 89 ni saa 5 tu, ambazo kijana anaweza kuzimaliza Jumamosi moja ya likizo.

Januari 2024, jarida la kitabibu la BMJ Public Health lilichapisha mapitio ya tafiti 14 kuhusu michezo ya video na usikivu. Zilihusu watu zaidi ya 50,000 katika nchi tisa, zote nje ya Afrika. Zilionyesha kwamba sauti ambazo wachezaji hujizoesha nazo mara nyingi hukaribia au kupita mipaka ya usalama. Watoto wetu hawakupimwa, lakini masikio yao hayana ngozi ngumu kuliko ya wengine.

Na hapa ndipo mambo mawili ya makala haya yanapokutana. Kijana huongeza sauti kwa sababu hajui hatua za adui zinatoka wapi. Lakini mwelekeo hauletwi na kelele. Unaletwa na zile dalili tatu: wakati, nguvu na umbo la sikio. Mchezo usio na dalili hizo, ukiuongeza sauti mara kumi, utapata kelele mara kumi na mwelekeo ule ule wa awali. Mchezo ulio nazo huweza kusikilizwa kwa sauti ya chini, na hatua za mlinzi bado zikajulikana ziko ngazi gani.

Kwa hivyo mzazi na amruhusu kijana wake airekebishe kompyuta, lakini kwa masharti. Akishamaliza, sauti ishushwe isizidi asilimia 60 ya kiwango cha juu. Mzazi asimame umbali wa mkono mmoja aongee kwa sauti ya kawaida. Ikiwa kijana hasikii, au ikiwa mzazi anausikia mchezo kupitia hedifoni, sauti ni kubwa mno. Baada ya kila saa moja, masikio yapumzike. Akilalamika kwamba masikio yanavuma baada ya kucheza, hilo ni onyo, na likiendelea apelekwe hospitalini apimwe.

Aidha, mzazi asome umri ulioandikwa juu ya mchezo. Vice City na F.E.A.R. ni michezo ya watu wazima, na sauti nzuri haiufanyi mchezo wa watu wazima uwe wa mtoto wa darasa la sita.

Mwanafunzi atakayefuata hatua hizi atapata zaidi ya mchezo. Atakuwa amejifunza kasi ya sauti, umbo la sikio, jinsi faili zinavyoitana ndani ya kompyuta, na umuhimu wa kuhifadhi faili ya zamani kabla ya kuweka mpya. Hayo ni masomo ya fizikia, baiolojia na kompyuta kwa pamoja. Na yote hayo ameyapata kwenye mashine ambayo wengine walikwisha kuitupa.